Nilifunga kitako cha kukunja ili bunduki yangu itoshe sandukuni, nikasahau mama mkwe atalala chumba gani

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimekaa hapa sebuleni Louisville, chai iko mkononi, nikasema leo niwasimulie jambo lililotokea nyumbani kwangu mwaka jana. Sijaongeza chumvi. Mke wangu ameusoma uzi huu kabla sijaupandisha, sehemu mbili akanirekebisha, nikakubali bila ubishi.

Kwa wasionifahamu: mimi ni Mkongo wa milima ya Kivu Kusini. Nimekulia kambini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kinafanana na chenu. Nilipoletwa Amerika nilianzia Buffalo, baridi ikanishinda, nikahamia Kentucky. Sasa tunakaa Highview, vyumba viwili, mke wangu Mama Neema, mimi, na Neema mwenyewe wa miaka sita. Kazi yangu ni ghala, kupakia na kushusha.

Sasa tuingie kwenye mambo.

Nina bunduki. Ya halali, nina green card, karatasi zote zipo. Ni ya umbo lile mnalolijua wote, umbo la AK, ila hii inapiga risasi moja moja, si ya kumwaga. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa naenda uwanja wa shabaha, natoboa karatasi, narudi nyumbani nimechangamka.

Najua kuna watu hapa wameshaanza kuandika, "Mkongo na bunduki tena?" Subirini, nitafika.

Haikuwa inakaa kwangu. Ilikaa Shively kwa rafiki yangu Nestor, Mrundi tunayefanya naye kazi, mwenye kabati kubwa la chuma. Mama Neema alikubali niwe nayo kwa sharti kwamba isilale nyumbani bila kufungiwa kwenye chuma, na chuma chenyewe kiwe kimeshikizwa sakafuni.

Mwaka jana Nestor akapata kazi jimbo lingine. Akaondoka na kabati lake, akaniachia sanduku la chuma alilokuwa akiwekea vifaa. Zuri, imara, kufuli mbili.

Fupi.

Nililaza bunduki juu yake nikapima. Ilizidi kwa kiganja kimoja na vidole viwili.

Na wakati huo huo Mama Neema alikuwa na mimba ya miezi saba.

Hapa niwaeleze kidogo, maana ndipo uzito ulipo. Kwetu mzazi haachwi peke yake. Mama yake anakuja, anampikia uji, anamkanda, anamwogesha mtoto, miezi mitatu au minne. Mke wangu mimba hii ilimtesa, daktari alimwambia apumzike. Mimi niko kazini saa kumi kwa siku. Hatukuwa na mtu mwingine wa kututazama isipokuwa mama mkwe, anayekaa na binti yake mkubwa kule Westerville, pembeni ya Columbus.

Mama mkwe akapigiwa simu. Akafurahi sana. Halafu akasema, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa, mimi nikisikia:

"Nitakuja, mutoto yangu. Lakini miye silali mu nyumba yenye iko na bunduki. Nililala nazo za kutosha kule kwetu."

Mama Neema akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

Kwa hiyo nina mwezi mmoja kabla hajafika, nina bunduki isiyo na pa kukaa, nina sanduku fupi, na mama mkwe hataki kuisikia. Kuiuza sikutaka. Mke aliniuliza mara moja kwa nini siuzi, nikajibu, "Naipenda tu," na kweli wakati ule sikuwa na jibu jingine la kumpa.

Nikampigia shemeji yangu Samweli, kaka wa mke wangu, yuko Buffalo.

"Niletee huku," akasema. "Miye niko na chumba cha chini, hakuna mwenye anaingia. Mama akirudi Columbus, unakuja kuichukua."

"Sheria haitatusumbua?"

"Sheria gani? Bunduki ni yako, miye ni shemeji yako. Louisville ni Amerika, Buffalo ni Amerika. Donc, shida iko wapi?"

Nikaona ana akili. Ila nikawaza, itasafiri vizuri zaidi ikiwa fupi. Na ikikosa kwenda, itatosha kwenye sanduku. Kitu kimoja kinatatua mawili: kitako cha kukunja.

Kwa wasiojua, kitako ni ile sehemu ya nyuma unayoiegemeza begani. Yangu ilikuwa ya mbao, imenyooka, haina mchezo. Kuna vitako vyenye bawaba kama ya mlango. Unabonyeza, kinalala ubavuni mwa bunduki, na urefu unapungua sana. Wenyewe wanaita folding stock.

Niliagiza kimoja, lakini sikukifunga mwenyewe. Nawaambia kabisa, mtu asijifunze kwa kubahatisha. Nilimpelekea fundi mwenye leseni, mzee mmoja mweupe anaitwa Walter, duka lake dogo linanuka mafuta na kahawa.

Mzee Walter kwanza alifungua chemba, pale risasi inapokaa, akatazama, akatia kidole. Akanipa nami nitazame. Halafu akatazama tena yeye. Ndipo akaiweka mezani. Aliniuliza pia ilitengenezwa wapi, maana zile zilizoingizwa kutoka nje zina masharti yake unapobadilisha vipande. Akaridhika.

"Fungua wewe," akanipa bisibisi. "Utaiheshimu zaidi."

Skrubu mbili tu, juu nyuma. Nilidhani mbao itatoka kama jino bovu. Wapi! Ilikuwa imekaa humo miaka, imekataa kabisa. Tukaigonga taratibu kwa nyundo ya mpira, tap, tap, tap, mpaka ikakubali. Kitako kipya nacho kikagoma kuingia, kikazidi unene wa ukucha. Mzee akakisugua kwa tupa, anajaribu, anasugua, anajaribu. Hana haraka. Nilimpenda kwa hilo.

Nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho, akauliza tu kwa mazungumzo, "Itakuwa inakaa wapi?"

"Kwa miezi michache itakuwa Buffalo kwa shemeji yangu."

Mzee Walter akashusha kikombe cha kahawa.

"Rudia."

Nikarudia.

"Jimbo la New York?"

"Ndiyo. Nitaendesha, nipitie Columbus."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sikiliza. Kule bunduki ya aina hii peke yake ni shida. Ukiiwekea na kitako cha kukunja ndiyo umemaliza kabisa. Na humwachii mtu wa jimbo lingine bunduki mkononi kama unampa mwavuli, lazima ipite kwenye duka lenye leseni. Ukivuka na kitu hiki, mtu wa kwanza kukupokea hatakuwa shemeji yako."

Wakuu, nilikaa chini. Nina green card, naomba uraia, mke ana mimba, na nilikuwa natabasamu kuelekea jela.

Kosa hili nataka mlielewe, hasa mliotoka kwetu. Sisi tumezoea kwamba sheria inabadilika pale penye kizuizi, askari, kamba katikati ya barabara, na mtu anayetaka kuona karatasi zako. Hapa unavuka jimbo huku unakula karanga. Kuna kibao cha kukukaribisha, basi. Hakuna anayekusimamisha kukwambia kwamba kilichokuwa halali dakika moja nyuma sasa ni kosa la jinai. Samweli hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kwetu.

Nilimshukuru mzee mpaka akaona aibu. Nikampigia Samweli nikiwa kwenye maegesho.

"Kumbe!" akasema. Halafu: "Na miye niko na kisu kikubwa cha nyama huku, kiko sawa?"

"Samweli, kata nyama yako kwa amani."

Basi, ikabaki njia ya sanduku. Nilifika nyumbani, nikakunja kitako, tak, nikailaza. Ikaingia! Nafasi ya kidole ikabaki. Mwenye nyumba alikuwa ameniruhusu kutoboa sakafu ya kabati la nguo. La chumbani kwetu lina tangi la maji ya moto, kwa hiyo nikashikiza sanduku kwenye kabati la chumba cha Neema. Bolti nne. Kufuli mbili. Risasi zikakaa kwenye sanduku lake jingine dogo, mbali na hapo. Nikasimama nikajipongeza.

Mama Neema alikuwa mlangoni, mikono juu ya tumbo.

"Bon. Na mama?"

"Mama hatajua."

Alinitazama kama anayetazama mtu aliyevaa shati nje ndani, akaenda zake jikoni.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Westerville na Neema kumchukua mama mkwe. Kwa kawaida yetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hamkai karibu, hamtazamani usoni, hamli sahani moja, na maneno yanapitia kwa mtu wa katikati. Safari ya saa tatu na nusu mtu wa katikati alikuwa Neema.

"Neema, ambia baba yako apunguze mbio."

"Dad, Koko says slow down."

"Mwambie Koko sawa."

"Koko, he said okay."

Koko ndiyo bibi, kwa wajukuu wa Kikongo. Nyuma ya gari kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa ya kulisha kijiji. Nilifurahi, niliimba, niliona nimepanga kila kitu.

Tukafika. Mama na binti wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Mama Neema akamshika mkono mama yake akampeleka chumba cha Neema. Mlango ukafungwa.

Ndipo akili ikanirudia.

Chumba anacholala mama mkwe, mimi siingii. Si kwamba ni vibaya kidogo. Siingii. Ni afadhali nilale nje kwenye theluji kuliko nikanyage pale penye kitanda chake.

Nilifunga bawaba, nikasugua, nikatoboa sakafu, nikakaza bolti nne, kisha nikaikabidhi bunduki yangu kwa mtu pekee duniani ambaye siwezi kumbishia hodi.

Mama Neema alipotoka akaniona nimesimama kwenye korido. Alielewa papo hapo. Alicheka mpaka akashika ukuta, akakaa chini, nikaogopa atajifungua palepale.

"Fundi!" akaniambia. "Fundi mukubwa! Endelea kukunja!"

Jumamosi mbili zikapita bila shabaha. Lakini si hilo lililonikosesha raha. Mama mkwe alikuwa anamhudumia mke wangu vizuri mno. Uso wake ulirudiwa na rangi, miguu ilipungua kuvimba. Na kila jioni nilisikia kupitia ukutani mama akiomba, ananitaja mimi kwa jina, anamshukuru Mungu kwa nyumba ya amani. Yule mama alikuwa amepiga magoti hatua moja kutoka kwenye kitu alichosema hatalala nacho.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikiwa nafunga viatu korido, sauti ikatoka chumbani. Mlango ulikuwa nusu wazi, yeye ndani, mke wangu kizingitini.

"Mama Neema, uliza bwana yako. Hii sanduku mu kabati, mbona iko na kufuli mbili?"

"Baba Neema, mama anauliza sanduku iko na kufuli mbili juu ya nini."

Nilikuwa nimesikia, ni hatua tano tu. Ningeweza kusema ni vifaa vya kazi. Neno lilifika ulimini kabisa.

"Mwambie," nikasema, "ndani mna bunduki. Ni yangu. Nilijua alichosema kwenye simu, nikaificha."

Mke wangu akalipeleka jibu langu vilevile, bila kupunguza. Nikasikia zipu ya begi.

Wakuu, zipu ile!

"Ambia bwana yako," sauti ilikuwa ya chini, "miye sina kasirani na yeye. Nitapigia Westerville wanikujie."

"Mama, weye unaenda na miye niko hivi?" Mke wangu akaanza kulia.

Nikajikuta naongea na ukuta. Nikasema, mwambie mimi sijawahi kuua hata kuku vizuri. Mwambie siku walipokuja kijijini kwetu nilikuwa na umri wa Neema, nilikimbia bila viatu, na toka siku hiyo mlio ule haukuniacha. Buffalo, sikukuu ya fataki, niliingia chini ya meza mbele ya watu. Mlango wa lori ukibamizwa ghalani, nilikuwa naangusha nilichobeba. Nestor ndiye alinipeleka uwanjani mara ya kwanza. Nikasikia mlio ule ule, kutoka bunduki ile ile, na hakuna aliyekimbia. Watu wanacheka. Mmoja anakula mkate. Nikarudi wiki iliyofuata, na nyingine. Sasa mlango wa lori ukibamizwa, nageuka tu kutazama. Mwambie ndiyo maana siuzi.

Nikasubiri mke wangu apeleke maneno.

Hakupeleka. Alikuwa amesimama kinywa wazi, machozi yamekauka usoni. Miaka minane ya ndoa, hili sikuwa nimemwambia. Sikuwa nimejiambia hata mimi.

Kisha kutoka ndani, bila mtu wa katikati, mama mkwe akasema:

"Endelea, baba. Niko nasikia."

Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha moja kwa moja.

Nikamwambia nimemaliza. Akaomba funguo. Mke akampelekea. Nikasikia kufuli ya kwanza, ya pili. Akatoka nayo yeye mwenyewe, kitenge kimefunika nusu ya uso, mdomo wa bunduki umetazama sakafu, kidole mbali kabisa na kifyatulio. Akanipa mgongo kwa heshima. Akafungua chemba, akatazama. Akabonyeza pale pale panapobonyezwa. Tak! Kitako kikanyooka.

"Ya bwana yangu ilikuwa inakunja kwa chini," akasema. "Alikuwa mulinzi wa kijiji. Hii inakunja kwa pembeni." Akakitikisa. "Na inacheza. Nani alikaza hii?"

"Ni... ni mimi, mama."

"Inaonekana."

Mama Neema akaangua kicheko na kilio pamoja.

Begi halikufunguliwa bado. Alisema Jumamosi nimpeleke akaone hao watu wasiokimbia, kiisha ataamua.

Nikaenda kwanza kwa Mzee Walter, skrubu ikakazwa na mkono unaojua. Jumamosi, saa nne asubuhi, jua zuri, tukawa uwanjani sisi wanne. Mama mkwe amevaa vizuia sauti juu ya kilemba, amekaa kwenye benchi la nyuma, mkono wa Neema mkononi. Mlio wa kwanza, nilimwona amefumba macho. Wa pili, ameshika benchi. Wa kumi, anatazama. Kando yake bibi mmoja mweupe alikuwa anafuma soksi. Anafuma! Mama mkwe alimtazama yule bibi kuliko alivyotazama bunduki.

Nilipopiga katikati kabisa, akapiga vigelegele. Uwanja mzima ukageuka. Msimamizi akaja mbio, mzee mwenye kofia, nikajua tumefukuzwa. Akasema kwa upole kwamba mama anaruhusiwa, ila asubiri mpaka watu waweke silaha chini. Basi kila walipoacha kupiga, vigelegele. Kufika saa sita wazungu walikuwa wanamletea karatasi zao azitazame, na yeye anawapa maksi. Mmoja alikataliwa kabisa: "Hapana, weye rudi nyuma."

Kwenye gari hakumtumia Neema.

"Baba," akasema, "miye nitabaki. Lakini funguo zitakaa kwangu."

Zikakaa kwake, zimefungwa kwenye pembe ya kitenge. Kila Jumamosi nilikuwa nasimama korido, mtu mzima, naomba. Wakati mwingine nanyimwa kwa sababu takataka hazijatolewa.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mapafu ya tarumbeta. Mama mkwe alikaa miezi mitano badala ya mitatu. Siku ya kumrudisha Westerville alichukua karatasi moja ya shabaha, ile yenye tundu la katikati. Shemeji wa kule ananiambia iko ukutani sebuleni, karibu na picha za ndoa, na kila mgeni lazima aelezwe.

Niliyojifunza ni haya. Ukitaka kubadilisha chochote kwenye silaha, uliza fundi mwenye leseni, na uulize sheria ya kila jimbo utakalokanyaga, si la kwako tu. Ujinga wangu ulisitishwa na swali la mazungumzo, sina cha kujivunia. Na la pili: nilipunguza urefu wa bunduki kwa kiganja kimoja ili nisiseme ukweli wa dakika tano. Ukweli ulikuwa rahisi kuliko zile bolti nne.

Haya, kibarua changu kimeisha. Mnaoishi na wakwe kwenye vyumba viwili huku ughaibuni, mnafanyaje? Na mwenye swali kuhusu kitako, aulize bila woga, nitamjibu ninachojua, nisichojua nitamuuliza Mzee Walter.

Kama ni la kukaza skrubu, nitamuuliza mama mkwe.